Sauti za Kimo Kimoja

Mchana wa Jumatano Tombo aliangusha kifuniko cha sufuria, na kifuniko hakikupiga kelele.

Yaani kilisikika, ndiyo. Kilianguka kwenye saruji, kikazunguka mara tatu, kikalala. Lakini kilisikika kama mtu aliyeweka kijiko mezani taratibu. Tombo, mtu ambaye riziki yake yote ilikuwa masikio, alikitazama kifuniko kile kwa chuki. Akakiokota, akakiinua juu ya kichwa chake, akakiachia tena. Kijiko mezani.

"Unacheza?" mkewe alimwuliza. Soazafy alikuwa ameketi mkekani, tumbo la miezi tisa limemlalia mapajani, anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Umesikia kelele?"

"Kelele gani? Nimekuona tu."

Kabla Tombo hajajibu, alisikia kitu kingine. Alisikia mchwa. Ndani ya boriti ya mlango mchwa walikuwa wanatafuna mbao, kra, kra, kra, na walisikika sawasawa na mkewe alivyosikika alipouliza. Hawakumzidi, hawakumpungukia.

Sasa ngojeni niwaambie alichokuwa amekifanya mtu huyu, maana mngemwona alivyokunja uso pale jikoni mngedhani yeye ndiye aliyekosewa.

Tombo alikuwa fundi wa kurekodi muziki hapa Mahajanga, mtaa wa Mahabibo, nyumbani kwake mwenyewe. Chumba cha kulala ndicho kilichokuwa studio: godoro la zamani limesimamishwa ukutani limeze mwangwi, mapazia mazito mawili, kompyuta moja, maikrofoni mbili, na spika alizouziwa na baharia. Vijana wa salegi, muziki wetu wa dansi, walipanga foleni kwake. Alikuwa na sikio, hilo sibishi. Angekwambia ni kuku yupi wa jirani aliyeshikwa na mafua. Ila mdomo wake! Tombo hakujua kusema jambo bila kumkwaruza mtu, na ukimkwaruza wewe kidogo tu, anawaka.

Jumapili shangazi wa mkewe, Bibi Moana, alimletea kazi. Bibi Moana ni kiti. Mtaa mzima unajua kwamba anapandwa na tromba, pepo wa mmoja wa wafalme wetu wa kale, ambaye jina alilokuwa nalo duniani halitajwi. Tunamwita Mkubwa, inatosha. Na Mkubwa hashuki bila kuitwa kwa muziki. Zamani aliitwa kwa zeze la sanduku. Kwa miaka ishirini na zaidi sasa alikuwa anaitwa kwa gitaa la besi la Mzee Jaombelo, na hakuna mwingine aliyeujua mwito ule. Vidole vya mzee vilikuwa vimeanza kukakamaa. Bibi Moana alitaka mwito urekodiwe, ili siku mzee akienda zake Mkubwa asikose salamu.

"Nifanyie hili tu," Soazafy alimwomba mumewe. "Ni watu wangu."

Basi Mzee Jaombelo akaja, akaketi ukingoni mwa kitanda, spika yake ndogo miguuni, maikrofoni mbele ya spika. Akapiga dakika kumi na moja bila kukosea. Alipomaliza, Tombo alivua hedifoni na kuzitupa mezani.

"Mzee, besi yako inapanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi. Noti hii inanipasua sikio, mbili zinazofuata sizisikii kabisa. Mkono wako hauko sawa."

"Uko sawa."

"Hauko! Njoo utazame mwenyewe." Akamwonyesha mawimbi kwenye kioo: mlima, vichuguu viwili, mlima, kichuguu kimoja, mlima.

Mzee hakutazama. "Kubwa ni za Mkubwa. Ndogo ni zetu sisi. Hapa anapita, hapa tunainama, hapa anapita tena. Ukizisawazisha umemsimamisha mstari mmoja na sisi. Usiziguse, mwanangu."

"Kila mzee asiyeweza kubana nyuzi vizuri ananiletea maneno hayo hayo. Ni vidole, mzee! Hakuna mfalme hapo."

Mzee Jaombelo alilitia gitaa lake kwenye gunia, akabeba spika yake, akatoka bila kuaga. Soazafy alimkimbilia na tumbo lake lile mpaka barabarani kumtaka radhi. Mumewe alibaki ndani anacheka.

Jumanne, siku ambayo ukoo wa mkewe haugusi jambo lolote la wafalme, Tombo alifunga mlango, akaanza kazi. Alianza kwa mkono. Kila noti aliikata peke yake, kubwa akazishusha, ndogo akazipandisha, noti mia nne na ushehe. Halafu akaipitisha besi yote kwenye kibanio, kile chombo kilichomo ndani ya kompyuta kinachoikandamiza noti kila inapotaka kuruka, akakikaza mpaka mshale ukaacha kuchezacheza. Mwisho akainyanyua yote kwa pamoja ili ijae. Ilikuwa kazi safi. Ingekuwa salegi ya harusi, mimi mwenyewe ningempigia makofi.

Lakini kila fundi anajua kwamba ukiibana sauti hivyo kisha ukainyanyua, hata vilivyojificha chini vinapanda nayo: feni, mbwa wa mtaa wa pili, kiti kinacholia. Tombo alitega sikio kwenye nafasi iliyo kati ya noti na noti, akasikia pumzi. Ni mzee huyo, alidhani. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Pumzi ya mzee ilikuwepo, nyembamba, yenye mluzi wa pua. Na karibu zaidi na maikrofoni kulikuwa na pumzi nyingine, nzito, ya mtu kijana, ambayo ilivutwa kila mahali palipokuwa na noti kubwa kabla Tombo hajaishusha, kama mtu anayetaka kusema akazibwa mdomo. Siku ile chumbani walikuwa watu wawili tu.

Mwenye akili angeacha hapo hapo. Tombo alikasirika! "Uchafu gani huu?" alisema peke yake, akaifuta ile pumzi ya pili mahali pamoja pamoja mpaka ikaisha. Na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, akaifuta na rekodi ya kwanza, ile yenye milima yake, akahifadhi iliyonyooka peke yake. Alipofungua mlango chumba kilinuka tope la mtoni. Akaulaumu mfereji wa jirani.

Ndivyo ilivyokuwa. Turudi jikoni Jumatano.

Kufikia alasiri hapakuwa na sauti ndani ya nyumba ile iliyokuwa kubwa kuliko nyingine. Jogoo aliwika dirishani, na kuwika kwake kulilingana na nzi aliyetua juu ya embe. Soazafy alimeza mate, na Tombo akayasikia yanashuka kooni kama vile mtu anamwambia jambo. Alisikia miguu ya mjusi darini. Alisikia kope zake mwenyewe zikifumba. Jirani, Mama Firmin, alichungulia mlangoni akauliza nani kafiwa, maana tangu asubuhi nyumba yao ilisikika kama nyumba ya matanga. Na ule mnuko wa tope ulikuwa umetoka chumbani, umefika jikoni, umekaa.

"Umezigusa," Soazafy alisema.

"Nimezigusa nini?"

"Tombo, usinifanye mtoto. Noti za mzee."

"Nimezisawazisha kidogo."

"Lini?"

Tombo akatazama pembeni.

"Jumanne? Umefanya Jumanne?" Soazafy alijiinua kwa kushika ukuta, akafungua kinywa, akampigia ukelele mumewe. Mishipa ya shingo ilimsimama, uso ukamvimba, mate yakamrukia Tombo shavuni. Na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayeuliza kama chumvi imekolea. "Mshenzi mkubwa wewe, nimekuomba jambo moja tu katika miaka yote hii, moja, ukaona ukanyage na hilo." Alikatika. Akajishika koo. "Sauti yangu iko wapi?"

"Ipo. Nakusikia."

"Nimekasirika na sijisikii nikikasirika!" Alilia, na kilio chake kilikuwa kimo kile kile.

Tombo alijaribu kurudisha. Alikaa mbele ya kompyuta mpaka giza likaingia, akizipandisha noti zile kwa kukisia. Kila alipozipandisha, akisikiliza zilikuwa zimenyooka. Akarudia. Zimenyooka. Akaitukana kompyuta, akaitukana besi, akamtukana mzee wa watu, matusi mazito ambayo siyarudii hapa, nayo yalimtoka taratibu kabisa, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

Alhamisi asubuhi chupa ya Soazafy ikapasuka.

Walimpeleka kwa bajaji kwenye zahanati ndogo ya mkunga mmoja aliyeitwa Zoely, mwanamke mnene mwenye mikono ya haraka ambaye nusu ya watoto wa mtaa wamepita kwake. Zoely alimpima, akasema njia imefunguka vizuri, ifikapo saa nne mtakuwa na mtoto. Ikafika saa nne. Ikafika saa sita. Uchungu ulikuwepo, ila ulikuwa mmoja tu, mfululizo, hauongezeki wala haupungui, unamkaa Soazafy kiunoni kama mzigo uliosahauliwa mgongoni.

"Sijaona hili," Zoely alisema. Alimwekea dripu ya kuongeza uchungu. Haukuongezeka. "Uchungu hupanda ukashuka, ukapanda ukashuka, ndivyo mtoto anavyosukumwa. Huu wako umelala tu."

Alichukua kile kipembe cha mbao wanachosikilizia moyo wa mtoto, akakiweka tumboni, akainamisha sikio. Alikaa muda mrefu. Alipoinua uso rangi ilikuwa imempotea.

"Nini?" Tombo aliuliza.

"Moyo wa mtu una pigo kubwa na pigo dogo. Huyu anapiga pigo moja. Tu, tu, tu, tu. Na anapunguza mwendo." Akamvuta Tombo mlangoni. "Nimeita gari la hospitali, limekwenda na mgonjwa mwingine mbali huko. Likirudi watampasua. Sijui kama mtoto atasubiri. Wewe mbona hujali hata kidogo?"

"Ninajali! Niko hapa nakufa!"

"Unaongea kama unayenunua mkate."

Bibi Moana alifika na kikapu chake. Hakumsalimu Tombo. Alimshika Soazafy paji la uso, akanusa hewa ya chumba, na wote walikuwa wanaunusa mnuko ule sasa, tope bichi na ndani yake ubani, ingawa hapakuwa na aliyewasha ubani.

"Shangazi, nisaidie mwanao," Soazafy alinong'ona, au alipiga kelele, hakuna aliyejua.

"Mkubwa amekufanyieni mlichomfanyia," Bibi Moana alisema, halafu akamgeukia Tombo kwa macho makali. "Ulichomfanyia wewe! Umemwondolea ukubwa wake, naye ameondoa ukubwa wa kila kitu chako. Mtoto hazaliwi bila kitu kikubwa. Iko wapi ile ya kwanza, aliyoipiga mzee? Ilete ipigwe hapa."

"Nimeifuta."

"Umefanya nini?"

"Nimeifuta, Bibi. Kompyuta ilijaa."

Bibi Moana aliinua kiganja, akakirudisha. Nadhani alikuwa anataka kumzaba kofi na akakumbuka kwamba hata lingemwumiza, lisingesikika. "Basi nenda kamlete mwenyewe. Ukirudi bila Jaombelo, usirudi."

Mzee Jaombelo alikuwa ugani kwake, nyuma ya soko la samaki, anakula wali na kunywa maji yaliyochemshwa na ukoko wake. Tombo alishuka kwenye bajaji kabla haijasimama, akaanguka magotini, akasema yote: mke, mtoto, pigo moja. Mzee aliendelea kutafuna.

"Umemaliza?"

"Nakuomba, Baba."

"Sauti yako haina juu wala chini. Nitajuaje kama unaomba?" Mzee alikuwa na hasira iliyoiva, ya siku nne. "Siku ile ulinitukana kwa sauti nzuri kabisa, nikakuelewa. Leo unanong'ona nini?"

"Sinong'oni! Ninalia! Nitazame!"

Mzee alimtazama. Machozi yalikuwa yamefika kidevuni, kamasi nazo. Alinawa mikono bila haraka, akavikunja na kuvikunjua vidole vyake, vikalia.

"Ninakuja kwa ajili ya yule binti aliyenikimbilia na tumbo lake barabarani," alisema. "Wewe ungeoza hapo. Na ujue, mkono huu unaweza kuupiga mwito ule mara moja tu kwa siku. Nikikosea, hakuna cha pili. Beba spika."

Walipofika, Zoely alizuia mlango. "Spika za nini? Hapa watu wanazaa, siyo baa!"

"Sikiliza tena moyo," Bibi Moana alimwambia kutoka ndani.

Zoely akasikiliza. Akasogea mlangoni, akachomeka waya wa spika yeye mwenyewe.

Bibi Moana alikuwa amejifunga shuka jeupe. Alikuwa ameweka sahani ya maji chini, ndani yake udongo mweupe na sarafu ya fedha, na amejipaka udongo ule kwenye mashavu. Mzee Jaombelo alianza na noti ndogo, mbili, tatu, za chini sana, noti zetu sisi. Bibi Moana akapiga mwayo. Akapiga mwayo wa pili mpaka taya likalia. Mabega yakamtetemeka, mgongo wake wa miaka sabini ukanyooka, akasimama kama kijana aliyezoea kusimama mbele ya watu, na kila aliyekuwa mle ndani akainamisha kichwa na kutoa salamu ya wafalme, "Koezy, Mkubwa. Koezy."

Tombo hakuinamisha. Ilikuwa woga tu, shingo ilimkakamaa.

"Nani amenipanga mstari mmoja na mbwa wake?"

Sauti ile haikuwa ya Bibi Moana wala haikuwa ya kimo kimoja. Ilikuwa sauti pekee yenye ukubwa waliyoisikia Tombo na mkewe kwa siku mbili, vumbi likadondoka kutoka darini, na Tombo akaitambua pumzi iliyoitangulia, maana alikuwa ameifuta kwa mkono wake mwenyewe mahali pamoja pamoja mpaka ikaisha.

"Mimi," alisema.

"Sema."

"Mimi, Mkubwa. Nimekosa."

"Huyu ananisemesha kama anayeuliza saa." Kile kilichokuwa ndani ya Bibi Moana kilicheka bila furaha, kikainua mguu wa kulia wa yule bibi, mguu wa mtu aliyetembea peku maisha yake yote, mweusi kwa vumbi la barabara, na unyayo ukamgeukia Tombo. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Watu wetu walikuwa wanawaomba wafalme msamaha namna hiyo, kwa ulimi.

"Silambi mguu wa mtu," Tombo alisema, na hasira zikamjaa mpaka akaona giza. "Mnipige, mniue. Silambi!"

"Tombo," Soazafy aliita kutoka kitandani. Alikuwa amegeuza uso kumtazama, midomo imempauka.

"Hamsini," Zoely alisema, kipembe sikioni. "Moyo umeshuka hamsini. Lamba, wewe! Lamba, Mungu wangu, unangoja nini?"

Basi akalamba. Alipiga magoti, akashika kisigino kwa mikono miwili, akaupitisha ulimi kwenye unyayo ule kutoka kisiginoni mpaka vidoleni, na ladha iliyomjaa mdomoni ilikuwa tope la mtoni, bichi, baridi, na alipomaliza mguu haukurudi chini mahali pake bali ulimshukia shavuni, ukamlaza sakafuni taratibu, sikio moja kwenye saruji na jingine chini ya unyayo, ukakaa hapo, mzito kupita uzito wa bibi mzee yeyote, na kutoka pale chini aliona miguu ya kitanda, na ndoo, na kidole cha Mzee Jaombelo kinavutwa nyuma kwa ajili ya noti ya kwanza iliyokuwa kubwa.

Noti ilipiga. Ndoo ya enameli ilihama mahali pake. Soazafy akapiga ukelele, ukelele mzima, wenye kimo chake chote, uliotoka nje ukavuka ua ukamfikia muuza mishikaki wa upande wa pili wa barabara, na uchungu ukapanda naye, ukashuka palipokuwa na noti mbili ndogo, ukapanda tena mlima ulipofika, na mzee alikuwa anatokwa na jasho, na ngozi ya kidole chake ilikuwa imepasuka, damu inachuruzika kwenye nyuzi, na hakusimama, mlima, kuinama, kuinama, mlima, kuinama, mlima, na Soazafy katikati ya vilele vya uchungu wake alikuwa anamtukana mumewe kwa jina la baba yake na la mama yake, anamtukana kwa sauti iliyopasua hewa, na Zoely alikuwa anapiga kelele sukuma, sukuma mama, na mwisho wa dakika ya kumi na moja mtoto wa kike akatoka, akavuta pumzi, akalia.

Bibi Moana alianguka kwenye benchi, bibi kizee tena, akaomba maji. Mnuko ulikuwa umeondoka. Mzee Jaombelo alijifunga kidole kwa leso na kutazama ukuta. Soazafy alikuwa anacheka na kulia, na Zoely aliziba sikio moja kwa bega huku anamfuta mtoto.

"Huyu atatutoa masikio! Sikieni mapafu hayo!"

Tombo aliinuka sakafuni. Alimwona mtoto, kinywa wazi, ulimi unatetemeka. Alimsikia pia. Alimsikia sawasawa na leso ya mzee ilivyokuwa inafungwa, sawasawa na nzi aliyekuwa dirishani. Alijipiga sikio kwa kiganja. Alidhani ni uzito wa ule mguu, na kwamba ifikapo kesho kutwa litafunguka.

Halikufunguka. Nyumbani kila mtu alikuwa na sauti yake tena. Kifuniko cha sufuria kilianguka Jumapili, Mama Firmin akaruka na kucheka, na Tombo akaona ameruka. Alirudi chumbani, akaweka salegi ya vijana fulani kwenye kompyuta. Kwenye kioo aliona milima na vichuguu, aliona mshale unaruka. Masikioni palikuwa na mstari. Alimwuliza Bibi Moana, na Bibi Moana akamjibu kwamba yeye ni kiti tu, hakumbuki kilichosemwa wala kilichofanywa, ila Mkubwa anapofungua alichokifunga huwa anawafungulia watu wake tu. Akaenda kwa Mzee Jaombelo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Wiki ya tatu, mchana, Soazafy alimlaza mtoto kitandani, chumba kile kile, hatua moja kutoka kwenye kiti cha mumewe, akaenda kuoga. "Mwangalie," alimwambia. Tombo alimwangalia mpaka akalala. Halafu akageukia kompyuta, akaanza kuhangaika na vifundo vyake vya sauti, kama alivyofanya kila siku, akitafuta mahali ambapo angesikia kitu kimoja kimezidi kingine.

Aliposhikwa bega na kugeuzwa, alimwona Soazafy analowesha sakafu, kanga imeshikwa kwa mkono mmoja, mtoto kwa mwingine. Mtoto alikuwa mwekundu mpaka kwenye nyayo, amelia mpaka amekauka, kifua kinaruka. Mlangoni walikuwa wamesimama Mama Firmin, mwiko mkononi, na mwendesha bajaji aliyekuwa anapita tu njiani. Tombo hakuelewa wamefuata nini. Midomo ya mkewe ilikuwa inakwenda haraka, na maneno aliyasikia yote, umempa mgongo, nusu saa, mwanao, umempa mgongo, yakimjia taratibu, moja moja.

Alimtazama usoni kwa makini, akijaribu kukisia.

"Umekasirika?" akamwuliza.